Kidole Kwenye Maji

Wazazi wenzangu, hili ni la mama mmoja mfagiaji wa maabara, na nalisimulia ili mjue kuizuia mikono yenu. Binti yake alikuwa fundi wa vipimo humohumo.

Asubuhi moja mkubwa wao, waliyemwita Miwani, alikuwa anakuja kuamua kama binti atabaki kazini. Kazi yenyewe ilikuwa kupima utando wa sabuni unavyotambaa juu ya maji. Sabuni ilitiwa rangi inayong'aa chini ya taa ya buluu. Penye mng'ao mkali ndipo sabuni ilipo nyingi, na kamera inasoma. Sabuni hiyo ilibaki ya matone mawili tu.

Binti alipotoka kumpokea mkubwa, mama akaona kinyuzi kinaelea kwenye sinia la maji. Akakitoa kwa ncha ya kidole, kama anavyomtoa mtoto uchafu jichoni. Na mikono alikuwa ametoka kuipaka mafuta.

Wakaingia. Binti akadondosha tone la kwanza. Lilipaswa kukimbia mpaka ukingoni. Likajikunyata katikati, linang'aa kama jicho la paka.

"Mbona limegoma?" Miwani akauliza. "Au leo limeamka vibaya?"

"Sijui, bosi. Labda rangi imeharibika."

"Hiyohiyo uliyotumia miezi sita? Basi vipimo vyote vya nyuma ni vya kutupa. Andika."

Binti akafungua daftari, akashika kalamu. Mama alikuwa amesimama hapo, ufagio mkononi. Akisema, kibarua kinaota nyasi. Akinyamaza, mwanawe anajizika kwa mkono wake mwenyewe.

"Usiandike, mwanangu," akasema. "Hayo maji nimeyagusa. Nilikuwa natoa kinyuzi."

Miwani akageuka. "Mwanangu? Kumbe huyu ni wako?"

"Wa kumzaa."

Binti hakuinua macho. "Mama, ulikuwa umepaka mafuta?"

"Nilipaka."

"Basi mafuta yalishatanda juu kote. Sabuni ingepita wapi?"

Akayamwaga maji, akasugua sinia kwa spiriti, akajaza upya. Tone la mwisho likaanguka, likafunguka mpaka ukingoni kabla mama hajapumua.

Miwani akasoma namba mara mbili. "Wewe unabaki," akamwambia binti. "Nawe mama, heshima yako iko palepale, ila chumba hiki usikanyage tena."

"Haya, baba," mama akajibu, akatoka kwenda kufagia korido.