Kadi ya Mzee Omollo

Mzee Omollo aliinua mikono. Askari wa geti, Sifuna, akampapasa kwapa, kiuno na mifuko, akaitikisa Biblia, akafungua leso yenye njugu karanga. Nyuma yake kwenye foleni walisubiri mayaya wawili na mpishi mmoja, nao wametoka kanisani.

"Geuza viganja, Mwalimu," Sifuna alinong'ona. Yeye peke yake hapo mtaani Kitisuru ndiye aliyemwita hivyo. "Samahani. Kamera inaniangalia."

Mzee akageuza. Zamani yeye ndiye aliyekuwa akikagua kucha za watoto gwarideni kila Jumatatu.

Kadi iliyoning'inia shingoni mwake iliandikwa: OMOLLO. BUSTANI. NYUMBA 14. Miaka thelathini na minne ya chaki kule Ugenya haikupata nafasi.

Na chumba alimolala alikiomba mwenyewe. Mkewe Awiti alipozikwa, na miguu ya mzee ilipoanza kuvimba, mwanawe Lenox alimleta Nairobi awe karibu na daktari. Maurine, mke wa Lenox, alimtandikia chumba cha wageni, shuka mpya, taulo mbili. Mzee alikataa hata kuingiza begi. Mjaluo mzima alale chini ya paa moja na mwanawe na mke wa mwanawe? Akauliza kile chumba cha nyuma, pale kwenye kamba za nguo, kama kina mtu. Hakikuwa na mtu. Alifurahi kama aliyepewa boma.

Sheria ya kamati ya wakazi ilikuja wiki iliyofuata. Vyumba vya nyuma ni vya wafanyakazi tu, na kila mfanyakazi ana kadi.

"Ni karatasi tu, Baba," Lenox alimwambia. "Ama uhamie ndani."

Mzee akatia sahihi fomu ya mtunza bustani, kwa mwandiko ule ule wa ripoti za shule. Kanuni zilikuwa upande wa pili wa karatasi. Mfanyakazi asikae kwenye viti vya uwanjani. Asipokee wageni. Maurine, kwa aibu, akamfundisha mtoto asimwite Kwara, yaani babu, mbele ya majirani.

Mtoto huyo ni Ivyne, na jina lake la nyumbani ni Awiti, la marehemu bibi yake. Jumapili hiyo alikuwa anatimiza miaka mitano. Mzee aliambiwa apitie nyuma, angekatiwa keki wageni wakishaondoka. Lakini mtoto alimwona, akaja mbio, akamvuta mpaka kwenye benchi la uwanjani na kumpanda mapajani. Mzee akafungua leso. Wakala njugu wote wawili, kwa raha.

Bi Wanjira, mwenyekiti wa kamati, alikuja akiwa na glasi ya juisi mkononi. Aliishika kadi ikiwa bado shingoni mwa mzee, akaisoma.

"Huyu wa shamba anampakata mtoto wa watu, na nyinyi mnaangalia tu?"

Mzee alimtazama mwanawe, aliyesimama na kisu cha keki. Neno moja lingetosha. Neno hilo pia lingefichua fomu ya uongo, na notisi ya kuhama ingefuata. Mzee alilijua hilo vizuri. Alilisubiri neno hata hivyo.

Lenox akacheka kidogo. "Pole, mwenyekiti. Ni mzee wetu wa shamba. Wamezoeana sana na mtoto."

"Mazoea ndiyo tunakataza. Kwani hana kazi?"

"Anayo." Lenox aliinama, akamwondoa mtoto mapajani. Hakuinua macho. "Mzee, kuna yale maua ya ukutani."

Alikuwa hajawahi kumwita Mzee.

Omollo akaenda, na suti yake ya kanisani, akafungua mfereji. Nyuma yake wakaimba wimbo wa kuzaliwa. Yaya alikuwa anafagia maganda ya njugu.

Baadaye Ivyne alikuja na kipande cha keki kwenye sahani ya karatasi, akitembea polepole kisianguke. Akasimama mbali kidogo, mahali alipoelekezwa. Alikumbuka somo lake vizuri.

"Omollo," aliita. "Mami amesema unawe kwanza."

Mzee aliiweka mikono chini ya maji yaliyotiririka mpaka ndani ya viatu vyake. Kisha akaiinua mbele ya mtoto, akageuza viganja, akasubiri akaguliwe.