Nyongeza Baada ya Malipo

Hapa Rosettenville, mtaa wa Johannesburg, hakuna aliyewahi kumshinda Hélène kwa maneno. Waliojaribu walirudi kwao na samaki wengi kuliko waliokusudia kununua, na bado wakacheka njia nzima. Kibanda chake kilikuwa ndani ya ukumbi wa wachuuzi, ukishavuka robot, yaani taa za barabarani, na kulipita duka la mkate la Wareno. Aliuza vitu vya nyumbani kwao Uvira, Kongo: ndagala, wale dagaa wakavu wa Ziwa Tanganyika, mawese, unga wa muhogo, sombe, yaani kisamvu, iliyokaushwa na pilipili. Vitu hivyo hata wengine walikuwa navyo. Watu walimfuata yeye kwa sababu ya mdomo wake na mkono wake.

Mdomo ulikuwa wa kuwasalimu, kuwatania na kuwabana mpaka wafike kwenye bei ya haki. Mkono ulikuwa wa nyongeza. Mteja akishapimiwa, akishalipa, fedha zikishaingia kwenye mfuko wa aproni, ndipo mkono wa kulia wa Hélène ulipozama guniani na kuibuka na konzi ya ndagala, ukaimwaga juu ya kipimo. Majirani Wazulu waliiita basela, na walimpenda nayo vilevile. Ila ilikuwa na masharti. Ukitoa kabla ya kulipwa, alikuwa akisema, umepunguza bei tu. Ukitoa baada ya kulipwa, umempa mtu kitu. Mteja naye alikuwa na wajibu wake, ambao ni kulalamika. Alitakiwa aitazame ile konzi, akunje uso, aseme mkono umekuwa wa mtoto siku hizi. Hélène alimjibu jibu la kumfanya ashike mbavu, kisha akamtupia chembe chache zaidi. Hapo ndipo biashara ilipokuwa imekwisha.

Mumewe, Damien, ni mlinzi wa jengo la ghorofa kule Hillbrow, kazi ya kusimama na kunyamaza, na tuseme ukweli, hakuna kazi iliyowahi kumfaa mtu kama hiyo. Akimaliza zamu alipenda kupitia ukumbini, akakaa juu ya debe la mawese nyuma ya mkewe, akamsikiliza. Hakuchangia neno. Mtu aliyeoa mdomo kama ule ana haja gani na wake?

Kiharusi kilimpiga Hélène mwaka jana, akiwa anafunga kibanda. Alipotoka hospitali akili ilikuwa ile ile, na alielewa kila alichoambiwa. Lakini maneno hayakutoka. Alifungua mdomo, akangoja, na kilichokuja ni sauti nzito isiyokuwa neno. Mkono wa kulia nao ulining'inia ubavuni.

Alirudi kibandani hata hivyo, maana ukaidi haukupigwa na kiharusi. Na pale ndipo alipopatwa na jambo baya kuliko ugonjwa wenyewe. Wateja wake walimhurumia. Walikuja wakiwa wameinamisha vichwa, wakalipa bei ya kwanza waliyoonyeshwa bila kubisha, wakasema pole, Mungu yupo, wakaondoka haraka kama watu wanaotoka msibani. Hakuna aliyengoja nyongeza. Hélène mwenyewe hakuweza kuitoa, kwa kuwa mkono uliobaki na nguvu ulikuwa wa kushoto, na mtu aliyelelewa vizuri hampi mwenzake kitu kwa kushoto. Siku hiyo alirudi nyumbani mapema, akamkabidhi Damien ufunguo wa kibanda, akaketi dirishani kuutazama ukuta wa jengo la pili.

Chakula kilikuwepo. Damien alikuwa na mshahara wake, na binti yao Héritière alikuwa ameajiriwa kwenye duka la simu. Kilichokuwa kikimponyoka Damien ni mkewe. Kila siku aliyokaa pale dirishani alizidi kuwa mgeni ndani ya nyumba yake, na Damien aliogopa, akaogopa pia kusema kwamba anaogopa.

Héritière ndiye aliyeleta wazo. Alizaliwa hapa hapa Johannesburg. Kiswahili anakielewa chote lakini anakizungumza kwa kukikwepakwepa.

"Papa, tumufungulie Maman duka kwa mtandao," alisema wakati wakila. "Kule hakuna kuongea. Mutu anaona ndagala kwa simu, anatia mu kikapu, analipa, basi. Maman atakuwa anabonyeza tu."

Hélène aliacha kutazama ukuta. Hilo peke yake lilimtosha Damien kukubali, hata kama angeambiwa wauze samaki kwa njia ya redio.

Sasa kuchagua. Wenye maduka makubwa wana watu wa kuwachagulia. Damien na binti yake walikuwa na meza ya jikoni na simu ya Héritière yenye kioo kilichopasuka pembeni, na huduma za kikapu na malipo ziko nyingi, kila moja ikijisifu kuliko bwana harusi. Héritière aliwaandalia wazazi wake za kujaribu, akaweka picha ya ndagala, akaweka bei.

Ya kwanza ilikuwa nzuri mno kwa macho. Makao yake yalikuwa ng'ambo, na kila mwezi ilitaka dola zake, uuze usiuze.

"Tunalipa hata kama hatujauza?" Damien aliuliza. "Hiyo ni kodi ya nyumba sasa."

Hélène aliipunga kwa mkono kama nzi, na hakuna aliyeililia.

Ya pili ilikuwa ya hapa hapa nchini, na Damien aliipenda kutoka moyoni. Haikutaka chochote mpaka uuze, ndipo ikate kidogo. Mteja aliweza kulipa kwa kadi, au moja kwa moja kutoka benki, au kwa vocha aliyoinunua kwa fedha taslimu kwenye spaza, kiduka cha mtaani kilicho karibu naye. Juu ya hayo ilizipokea karatasi za ukimbizi za Damien bila kumdai namba ya kitambulisho asichonacho, jambo ambalo katika nchi hii humfanya mtu atamani kuikumbatia hata mashine.

"Ile njo yenyewe," alisema. "Tuijaribu."

Akaenda chumbani na simu yake, akajifanya mteja. Alitia ndagala kikapuni, akalipa. Mezani, simu iliyokuwa mbele ya Hélène ikalia, na oda ikatokea: jina la mnunuzi, kipimo, na neno la kijani kwamba malipo yamepokelewa.

"Unaona, Maman? Imeisha," alisema Héritière.

Hélène aliligusa lile neno la kijani. Halikufanya kitu. Akaigusa picha ya ndagala. Akabonyeza juu, akabonyeza chini, akabonyeza kwa nguvu. Oda ilikuwa imefungwa. Damien alirudi akamkuta mkewe amekunja uso na machozi yanamlengalenga.

"Mama Héri, iko na shida gani? Feza imeingia. Kila kitu kimeisha."

Alitikisa kichwa. Héritière akadhani maandishi ni madogo, akayakuza. Akatikisa kichwa tena. Damien akadhani ni yale makato, akamweleza kwamba ni kidogo tu. Hapo Hélène alimtazama kwa jicho alilokuwa akiwapa wateja waliotaka mkopo. Kisha akainuka, akaburuta mguu mpaka kwenye gunia la ndagala walilolipiga picha, akarudi na konzi ya ndagala katika mkono wa kushoto, akaimwaga juu ya simu. Ndagala zilifunika kioo chote, nyingine zikaangukia sakafuni.

Héritière aliguna, akaanza kuzipangusa. Damien alimshika mkono asifanye hivyo. Alikuwa amekaa miaka mingi juu ya debe la mawese nyuma ya mwanamke huyu, akisikiliza na kutazama, na sasa kukaa kule kote kulimfaa.

"Nyongeza," alisema. "Mutu amelipa, na Mama Héri hana pa kutia nyongeza."

Hélène akaketi. Pumzi ndefu ilimtoka.

"Eish," alisema Héritière. "Lakini Papa, si utatia mu mufuko wakati wa kufunga? Nani atakataa?"

Lilikuwa swali zuri, na Damien alimgeukia mkewe ili alijibu mwenyewe. Hélène alimwelekezea mumewe kidole, akaigiza mtu anayefunga mfuko. Halafu akagusa kifua chake, akagusa midomo yake, akaelekeza kidole kwenye simu, pale pale ambapo jina la mnunuzi lilikuwa likichungulia kati ya vichwa vya samaki. Damien alielewa kana kwamba ameambiwa kwa sauti ile ya zamani. Nyongeza itakayotiwa na Damien gizani mwa mfuko ni samaki tu. Yeye alitaka mteja aione inamwagwa, na ajue ni nani aliyeimwaga. Wakati ule, baada ya fedha na kabla ya kwaheri, ndio uliokuwa wakati wake wa kuongea na watu. Ndicho kitu alichokuwa akikitafuta kwa kidole katika ile simu, na wao wawili, wenye midomo mizima, wakawa wanamweleza habari za makato.

Damien aliona aibu, lakini zaidi ya aibu aliona fahari. Ugonjwa ulikuwa umemnyang'anya mwanamke huyu kila chombo chake cha kazi, na bado alijua hasa kazi yake ni nini.

Siku zilizofuata Héritière alizipekua huduma hizo kwa swali moja tu: mwuzaji anaweza kukifungua kikapu baada ya malipo, akaongeza kitu cha bei ya sifuri, na mnunuzi akakiona hapo hapo? Nyingi hazikuweza. Baadhi hazikujibu. Moja ilijibu kwa barua ndefu ya kumshukuru kwa kuuliza. Mwishowe alipata kampuni ndogo ya hapa mjini, ambayo ukurasa wake ulikuwa wa rangi moja, na ukipiga simu mtu anapokea. Mtu huyo alikuwa Karimu, Mtanzania, na alipoisikia lafudhi ya Héritière akahamia Kiswahili.

"Samahani dada, nielewe vizuri," alisema. "Mteja ameshalipa. Amesharidhika. Wewe unataka kumwongezea bure?"

"Si mimi. Maman."

Karimu akacheka kicheko cha mtu aliyekumbuka kwao. "Mwambie mama inawezekana. Anaifungua oda, anaongeza bidhaa, bei anaweka sifuri. Mteja anapata ujumbe hapo hapo, na anaweza kujibu. Tuliiweka kwa ajili ya kurekebisha makosa. Hakuna mtu aliyewahi kuitumia kwa kutoa zawadi."

Makato yake yalizidi kidogo ya ile ya pili, na picha hazikuwa na mvuto. Karatasi za ukimbizi ilizikubali. Damien aliiwekea sahihi bila kujuta, na Héritière akaweka bidhaa mpya dukani ambayo mteja hawezi kuinunua, picha ya konzi ya ndagala, jina lake Nyongeza.

Oda ya kwanza ya kweli iliingia Jumamosi asubuhi. Mnunuzi alikuwa Mama Clémentine, mteja wa siku nyingi aliyehamia Durban na kaka yake, mwanamke ambaye kwa kulalamika alikuwa karibu alingane na Hélène kwa kujibu. Alikuwa amepata habari za ugonjwa na za duka, na chini ya oda aliandika: "Watoto wa Hélène, Mungu awatie nguvu. Mumusalimie mama yenu. Hatutapata tena mufanyabiashara kama yeye." Alilipa bei kamili.

Héritière alisoma kwa sauti, akasita pale mwisho. Damien alimtazama mkewe. Ilikuwa huruma ile ile ya ukumbini, imesafiri kutoka Durban ikawafuata mpaka mezani, naye alijilaumu kwa kuwa ndiye aliyeifungulia mlango.

Hélène hakugeukia dirisha. Alivuta simu karibu, akafungua oda. Picha ya konzi ya ndagala ikatokea.

"Ubonyeze hapa, Maman," alisema Héritière.

Kidole cha kushoto kilienda, kikakaribia kioo, kikarudi. Hélène alikitazama kama mtu aliyekosea adabu. Kisha kwa mkono huo wa kushoto akaushika wa kulia pale kwenye kiwiko, akauinua kutoka mapajani, akaupandisha mezani polepole, akakikunja kidole kimoja kimoja mpaka cha shahada kikabaki kimenyooka peke yake. Héritière alitaka kumsaidia. Damien alimzuia kwa macho. Mkono wa kulia ukashuka juu ya picha, nayo ikaingia kikapuni.

Wote watatu waliinamia simu. Damien alisikia teksi zikipiga honi kule barabarani.

Simu ikalia. Héritière akasoma.

"'Hii ni nani ameongeza? Hélène, ni weye?'" Ujumbe mwingine ukafuata papo hapo, na sauti ya Héritière ikaanza kutetemeka kwa kicheko. "'Sasa mbona kidogo vile? Mukono umekuwa wa mutoto siku hizi. Nimelipa bei yote juu nilisikia unagonjwa, kumbe unaniibia tu.'"

Hélène alicheka. Kicheko kilitoka upande mmoja, cha mkwaruzo, na kilikuwa chake. Damien aliketi juu ya debe tupu la mawese lililokuwa kando ya jiko, nyuma ya mkewe, mahali pake pa siku zote.

Mama Clémentine alikuwa anangoja jibu. Hélène aliushika tena mkono wake wa kulia, akauinua, akamwongezea.