Mwenye Kisanduku cha Barafu

Kocha alikuwa ananifunga bandeji mkono wa kushoto aliponiambia, bila kuinua macho, "Radi, umekosekana tena."

"Nimekosekana wapi?"

"Nyumbani. Wapimaji wamepiga simu ofisini kwetu. Walikuja, hukupatikana. Hii ni ya pili."

Niliuvuta mkono. Damu ilinipanda kichwani kabla hata sijaelewa vizuri alichosema.

Sisi mabondia wa kulipwa tunaowania mkanda tuna sharti letu. Kila siku lazima uwe na saa moja uliyoitaja mwenyewe, ambayo mpimaji akija atakukuta mahali ulipomwambia. Haji kwa taarifa. Anakuja tu, anachukua mkojo wako, wanakwenda kuupima kama una dawa za kuongeza nguvu. Ukikosekana mara tatu ndani ya mwaka, unahesabiwa kama aliyekutwa na dawa, na unafungiwa miaka miwili. Mimi nilitaja saa moja asubuhi mpaka saa mbili, nyumbani kwangu, ghorofa ya nne. Pambano la mkanda lilikuwa limekaribia, mabango yangu yameshabandikwa ukutani mtaa mzima, na mimi sijawahi kuingiza mwilini mwangu kitu kikali kuliko dawa ya mafua.

"Nilikuwepo!" nikasema. "Kila siku nipo! Nakaa nikiutazama mlango kama bwana harusi aliyekimbiwa."

"Nakuamini."

"Huniamini. Umeangalia chini."

"Naangalia bandeji, wewe! Umeivuruga yote."

Pembeni, kwenye gunia la mazoezi, Tangi akacheka. Tangi ni bondia mwenzetu. Zamani alikuwa anatumia dawa, na siku wapimaji walipomfuata alijificha ndani ya tangi la maji juu ya paa. Alitoka na mafua, na adhabu akaipata vilevile. Ameimaliza, amerudi, amekuwa mnyenyekevu mwili mzima isipokuwa mdomo.

"Usione haya, bwana mdogo," akasema. "Hata mimi nilikuwepo siku zote. Ila nilikuwepo majini."

Nilimwendea. Kocha akanidaka kiunoni.

"Unanilinganisha na wewe?" nikapiga kelele. "Mimi? Mimi niliyemshusha muuza dawa ngazi zote nne nimemshika kola?"

"Hilo tunalijua sisi," Kocha akasema sikioni mwangu. "Wao wanajua kwamba hukupatikana. Wakija mara ya tatu wasikukute, hata mimi nitakosa la kusema. Muulize shangazi yako, yeye yuko mlangoni kutwa."

"Shangazi simwambii."

Kocha akaniachia. "Kiburi chako, Radi, kitakupiga siku moja kuliko mtu yeyote niliyekupambanisha naye."

Shangazi ndiye aliyenilea tangu baba alipofariki. Ni fundi cherehani. Mashine yake iko chini kabisa, kwenye kijisehemu kati ya geti la jengo na ngazi, na funguo za geti ziko shingoni mwake, kwa hiyo hakuna anayeingia wala kutoka asimwone. Kaptura zangu zote za ulingoni amezishona yeye. Wateja wakija kuchukua nguo huwaambia, hata wasipouliza, "Huyu mtoto wa kaka yangu anapiga watu kwa mikono yake mwenyewe. Hana dawa, hana hirizi. Ni mikono tu." Sasa mtu wa namna hiyo nitamwambiaje kwamba ofisi imeanza kunihesabu pamoja na akina Tangi?

Nikaona ni rahisi zaidi kuamini kwamba wapimaji wamehongwa na upande wa mpinzani wangu. Nilikwenda nalo hilo usiku na mchana, nikawa nagombana na mashabiki wake kwenye simu, mpaka Shangazi akaninyang'anya.

"Simu hii inakupiganisha na watu usiowaona," akasema, akaitia kwenye mfuko wa aproni. "Utaipata ukishinda."

"Na nikipigiwa na mtu wa maana?"

"Mtu wa maana atakuja mwenyewe."

Basi, kila asubuhi nikawa naamka mapema, nakunywa maji, nakaa kwenye kiti changu nikiwa tayari. Dirisha letu halitazami mtaani. Linatazama ukuta wa jengo la nyuma, na mabomba yake, na kamba ya nguo ya mama mmoja ambaye sasa nazijua shuka zake zote. Nilikaa nikisikiliza hatua ngazini. Hatua za mwalimu wa ghorofa ya tatu. Hatua za mwenye viatu vya kubana. Hazikuwa za mpimaji. Ikifika saa mbili nilikuwa nashusha pumzi, halafu naanza kuiogopa kesho yake. Mimi ninayeingia ulingoni nikicheka, nilikuwa naogopa saa ya ukutani.

Asubuhi yenyewe niliyokuwa naiogopa ilianza kama nyingine. Nilikunywa maji mpaka tumbo likawa linasikika nikitembea. Nilishikwa na haja mapema, lakini nikaizuia. Haja ile haikuwa yangu, ilikuwa mali ya wapimaji. Nikakaa magoti yamebanana, jasho linanitoka, naiangalia saa. Ilikuwa imebaki kidogo sana kufika saa mbili nilipoanza kujiambia kwamba leo napo nimepona, hawakuja.

Hapo nikasikia mashabiki wangu.

"Radi! Radi! Piga, Radi!"

Ni mlio wa simu yangu. Niliurekodi ukumbini siku niliyomwangusha mtu raundi ya kwanza. Ulikuwa unatoka chini kabisa, unapanda na ngazi, ukanyamaza, ukaanza tena. Kisha sauti ya Shangazi, ile anayoitumia kwa wateja wanaodai nguo haijawatosha.

"Nimekwambia kahama! Ondoka na kisanduku chako!"

Na sauti ya mwanamume, ya upole: "Lakini mama, simu yake inalia kwenye aproni yako."

Mlio ukakatwa.

"Aliniachia," Shangazi akasema. "Alipohama."

Sikumbuki kufungua mlango. Nakumbuka ngazi zikinipita, mimi miguu peku na kaptura tu, na mwalimu wa ghorofa ya tatu akijibana ukutani na ndoo yake kunipisha. Kila ngazi niliyoruka, maji yale yote yaliruka nami. "Nipo!" nilikuwa napiga kelele. "Nipo jamani! Msiondoke!"

Chini nilimkuta Shangazi amesimama kifua mbele, rula yake ndefu ya mbao mkononi, na nje ya geti lililofungwa bwana mmoja wa makamo mwenye miwani. Begani amening'iniza kisanduku cha bluu, kile cha kuwekea barafu. Alikuwa anaangalia saa yake, kalamu imeshafunguliwa.

"Rudi juu!" Shangazi akanifokea. "Huyu ni yuleyule! Nimemfukuza mara mbili, hii ya tatu. Hana haya wala hajui vibaya!"

"Mara mbili?" nikauliza.

"Mara mbili! Si wewe uliyesema? Siku ile ulipomtoa yule mshenzi na vichupa vyake vya sindano, hukusimama hapahapa? Ukaniambia, Shangazi, akija tena mtu na kisanduku cha barafu, mwambie nimehama. Nikakuuliza, hata akiwa amevaa vizuri? Ukasema hao ndio wabaya zaidi."

Nilisema hivyo. Neno kwa neno. Nilikuwa nimejaa sifa siku ile, mtaa mzima unatazama, na muuza dawa anaokota vitu vyake barabarani. Yule naye alikuwa na kisanduku kama hiki, kwa sababu dawa za kudungwa zinaharibika kwa joto, na mkojo nao, kumbe, unaharibika kwa joto.

"Samahani," bwana wa miwani akasema. "Muda wangu unaisha. Wewe ndiye bondia?"

"Ndiye mimi."

"Mama, fungua geti tafadhali."

"Nikufungulie wewe? Umletee sumu mtoto wangu?"

"Mama, mimi sileti kitu. Mimi nachukua."

"Unachukua nini?"

Yule bwana akanitazama. Naona haruhusiwi kusema zaidi.

"Mkojo, Shangazi," nikasema. "Anachukua mkojo."

Shangazi alimwangalia yeye, akaniangalia mimi, kama mtu anayeamua nani kati yetu amerukwa na akili. "Mkojo wa nini?"

Nikamwambia. Pale pale, peku, nimeshika nondo za geti, nikamwambia yote niliyomficha: kwamba huyu ndiye anayetafuta wenye dawa, kwamba ameshaandika mara mbili kuwa sikuwepo, kwamba akiandika na leo nafungiwa, na mkanda umekwenda, na watu watasema nilikuwa mwizi siku zote. Nilimaliza kwa pumzi moja.

Rula ikaanguka.

"Mungu wangu," akasema, mikono yake ikaenda shingoni kwenye funguo. "Mungu wangu, mwanangu, si ungeniambia! Mficha uchi hazai!" Akaingiza ufunguo wa stoo. Akaingiza wa tangi la maji. Mikono iliyotunga uzi kwenye sindano maisha yake yote bila miwani ilikuwa haioni tundu la kufuli. Niliiweka yangu juu ya yake, tukazungusha pamoja, na geti likafunguka kwa ule mlio wake wa kukwaruza ambao nimeuchukia tangu utoto.

Bwana wa miwani akaingia. Akaangalia saa yake, kwa muda mrefu kidogo kuliko nilivyoweza kuvumilia. Akaandika.

"Haya," akasema. "Umekutwa."

Nimepigwa ngumi za ubavu nikasimama. Neno hilo lilinikalisha kwenye ngazi ya kwanza kama mtoto. Hewa yote niliyokuwa nimeibana wiki nzima ilitoka kwa mara moja, nikaanza kucheka, na Shangazi akanipiga kofi la bega kwa sababu alikuwa analia na hakutaka kulia peke yake.

Tulipanda juu watatu. Nilidhani kazi imekwisha. Kumbe sheria inataka mpimaji auone mkojo unavyotoka, kwa macho yake, asije mtu akaleta wa jirani kwenye kichupa. Basi nikasimama chooni na kikombe changu, yeye pembeni na miwani yake, nikangoja. Asubuhi nzima nimeuzuia kwa nguvu zangu zote. Sasa ukagoma. Hata tone.

"Usijali," akasema. "Wote huwa hivyo. Mabingwa zaidi."

"Nitaweza tu."

"Nina siku nzima. Sasa umeshakutwa, saa haitusumbui."

Nje ya mlango Shangazi akakohoa. "Mwanangu? Nikufungulie bomba? Ulipokuwa mdogo nilikuwa nakufungulia bomba la jikoni."

"Shangazi!"

"Nimeshalifungua."

Nikayasikia maji yakimwagika kwenye sufuria. Bwana wa miwani aligeuza midomo yake ndani ili asicheke. Na mimi, Radi, ambaye sura yangu iko ukutani mtaa mzima ikiwa imekunja ndita, nilifumba macho nikarudi kuwa na miaka minne. Kikombe kikajaa. Raha niliyoipata pale sijaipata kwenye ushindi wowote.

Mezani aliniacha nichague chupa mwenyewe, nikazijaza, nikazifunga mpaka vifuniko vikagoma kurudi nyuma. Shangazi alisimama nyuma yetu akikagua kila hatua kama anayekagua mshono wa fundi mwingine.

"Na zile mara mbili?" akauliza.

"Zimeshaandikwa, mama, siwezi kuzifuta. Lakini anaweza kwenda ofisini kujieleza, na wewe ukawa shahidi wake."

"Nitakuja. Nitakuja na rula yangu."

"Rula iache, mama."

"Sasa niambie. Wenye dawa wanakuja kimya, na nyinyi mnakuja kimya. Wana kisanduku, mna kisanduku. Mtu wa mlangoni atawajuaje?"

Alivua miwani, akaifuta kwa shati. "Hilo sijawahi kuulizwa," akasema. "Nitalifikisha." Kisha akainama akampa shikamoo, ingawa hawakupitana sana umri, na Shangazi akaitikia marahaba bila kusita, akamfungulia geti mwenyewe.

Kocha alikuwa ndiyo kwanza anafika kunichukua kwa mazoezi. Alimwona yule bwana akitoka na kisanduku, akasimama ng'ambo ya barabara, kofia mkononi, uso umemshuka. Hakuweza kuvuka wala kuuliza. Nilitaka kumpigia kelele, lakini Shangazi aliniwahi. Alinivuta mpaka katikati ya njia, akaushika mkono wangu, akauinua juu kama refa.

"Amekojoa!" akatangaza.

Madirisha yakafunguka. Watu wa jengo letu hawajui kunyamaza, na wakiona mkono wangu uko juu hawaulizi ni kwa nini. Walipiga makofi. Mwalimu wa ghorofa ya tatu alipiga ndoo yake. Mtu mmoja akauliza, "Raundi ya ngapi?" Kocha alivuka barabara bila kutazama magari, akanipita mimi, akamkumbatia Shangazi, ambaye alikuwa bado anatangaza.