Moshi katika Hadithi za Bibi Ijja

Katika kila hadithi ya bibi Ijja lazima kitu kiungue. Mara mkate wa sultani, mara uji wa zimwi jike, mara kunde za kuku aliyealika wageni. Sisi tulikuwa tunacheka tu, maana upande wetu huu wa mlima hakuna mwanamke anayesimulia kama yeye. Sauti ya zimwi anaitoa tumboni, ya binti sultani anaitoa puani, na akifika penye utamu anakatisha anywe chai yake taratibu, sisi tumebaki midomo wazi kama makinda.

Lakini kazi ya kupasua kokwa za argani, mti wetu wa mafuta, inampa mtu nafasi ya kufikiri. Mikono inagonga jiwe kwa jiwe, kichwa kiko huru. Kichwa changu kilikuwa kwenye moshi wa bibi Ijja. Niligundua anabadilisha kila kitu, nchi, wanyama, mavazi, isipokuwa moshi. Na aliyeunguza haadhibiwi hata siku moja; anaadhibiwa mwingine aliyekuwa karibu. Nilipokuwa mdogo, zimwi lilikuwa likishapona linacheka mpaka meno yanadondoka. Miaka michache baadaye mpishi wa sultani naye alipona, ila usingizi ukamkimbia. Majira ya baridi yaliyopita, kuku alifunga safari kumtafuta bata aliyefukuzwa kijijini kwa kosa lake yeye kuku. Alitembea mpaka kucha zikaisha. Akafika mlangoni kwa bata, akainua mguu abishe hodi. Hapo bibi Ijja akasema, "Basi, imeishia hapo."

"Alibisha au hakubisha?" nikauliza.

"Sijui. Kamuulize kuku."

Hadithi hizo tunasimuliwa jua likishazama tu. Mchana, kwenye chumba cha ushirika wetu, hakuna anayethubutu, kwa sababu kila mtu anajua kwamba ukisimulia hadithi mchana watoto wa nyumba yako wataota vipara. Mchana ni wa habari za kweli: nani kaposwa, mbuzi wa nani kapanda mti wa nani kula argani.

Bibi Tuda yeye hukaa karibu na mlango na kupasua kokwa. Wengine tunapokezana kazi zote. Leo unapasua, kesho unakaanga viini vya ndani yake, keshokutwa unasaga au unakanda uji wake utoe mafuta. Bibi Tuda ni kupasua tu. Miaka thelathini na mbili iliyopita alikanda mafuta ya harusi ya jirani, na mafuta yakatoka machungu, wageni wakatema matonge mbele ya bwana harusi. Tangu siku hiyo akaitwa Mkono Mchungu. Sisi tuliozaliwa baadaye tulilijua jina hilo kabla ya kujua lake. Yeye na bibi Ijja ni rika moja, nyumba zao zimegawana ukuta, na waliokuwepo wanasema siku ile bibi Ijja ndiye aliyemkaangia viini.

Jumatatu moja dada Kelthuma, ambaye ndiye mwenye ufunguo wa chumba na ndiye mwenye mdomo wa chumba, alipiga makofi.

"Jamani! Mjukuu wa bibi Tuda anaolewa wiki ijayo. Mafuta tunakamua hapa Alhamisi. Vigelegele!"

Tukapiga vigelegele.

"Sasa mafuta ya harusi, mnajua wenyewe, hukandwa na bibi mzaa mama wa bi harusi." Hapo akapunguza sauti, na kwa dada Kelthuma kupunguza sauti ni kama wengine wakipiga kelele. "Lakini, bibi Tuda, usinichukie. Hiyo ni harusi. Watu watatoka mpaka Agadir. Nimeona bibi Ijja akande kwa niaba yako."

 Bibi Tuda aliweka kokwa juu ya jiwe, akagonga, akapiga kidole gumba chake mwenyewe. Nimekaa naye miaka minne na sijawahi kumwona akikosea kokwa. Alikitia kidole mdomoni, akatazama nje kana kwamba kuna mtu amemwita.

"Sawa," bibi Ijja akasema haraka haraka. "Nitakanda."

Mchana ule nilimbebea bibi Ijja kikapu chake mpaka kwake. Tulitembea kimya, jambo ambalo kwake ni ugonjwa. Nikaona nisipouliza leo sitauliza tena.

"Bibi, kwa nini hakuna hata mmoja anayetazama kikaango chake?"

"Nani?"

"Wale wote. Zimwi, mpishi, kuku. Kila mmoja kageukia upande mwingine kinapoungua."

Akasimama katikati ya njia, akaniita kwa jina. "We Mamas, mama yako alikuzaa na macho mangapi?"

"Mawili tu, bibi."

"Basi yanatosha kuniudhi." Akavuta pumzi, kisha sauti ikabadilika, ikawa ile ya jioni. "Palikuwa na mbweha jike aliyekuwa na shoga yake..."

"Bibi, jua hilo. Wajukuu zako."

Akainua uso akalitazama jua kama mtu aliyefungiwa njia.  Akaninyang'anya kikapu na kwenda zake.

Kesho yake aliingia ushirikani akiwa wa mwisho. Hakukaa. Alisimama pale katikati, penye mwanga wa dirisha, akaanza, "Palikuwa na msichana mmoja, na shoga yake..."

Chumba kikalipuka.

"Bibi Ijja! Saa nne asubuhi!"

"Astaghafirullah, nina mimba mimi!" Dada Kelthuma alishika tumbo kwa mikono miwili. "Unataka nizae tikiti?"

"Hakuna atakayeota kipara," bibi Ijja akasema. "Hii si hadithi."

Kelele zikakatika. Mawe yakakaa kimya.

"Msichana huyo alipewa viini akaange kwa ajili ya harusi. Shoga yake alikuwa chumba cha pili anasubiri kusaga na kukanda. Msichana akasikia wapiga rababu wanapita chini ya dirisha na muziki wao. Akaacha kikaango akachungulia."

"Msichana yupi?" dada Kelthuma akauliza. "Tunamjua?"

"Yupi haina haja."

"Kama ni habari ya kweli," bibi Tuda akasema kutoka mlangoni, bila kuinua kichwa, "basi ana jina."

  Sauti ya zimwi ilikuwa pale, ya binti sultani ilikuwa pale, zote angeweza kuzitumia. Bibi Ijja alitumia yake, ambayo ni nyembamba kuliko nilivyofikiri.

"Anaitwa Ijja. Ni mimi, Tuda. Niliporudi nusu ya viini ilikuwa imeungua, nyeusi kama mkaa. Nikaona aibu. Nikavichanganya na vizuri, nikavisaga mwenyewe haraka ili usivione, nikakuletea uji wake. Ukasema, harufu hii vipi? Nikakwambia una mafua."

 Dada Kelthuma, ambaye ukimya unamuumiza kama jino, hakuweza kuvumilia.

"Huyo mpiga rababu mwenyewe alikuwaje?"

"Alikuwa na masharubu."

Kicheko kilituponyoka, jamani, tulijaribu kukizuia. Bibi Tuda hakucheka. Aliinuka, akakung'uta maganda kwenye nguo yake, akamjia mpaka wakawa pua kwa pua.

"Nimepaka mikono hii hina, ndimu, majivu. Nimekwenda kaburi la walii mara tatu kwa miguu niombewe mkono."

"Najua. Mara ya pili tulikwenda wote."

"Ulinishikia viatu!"

"Nilikushikia viatu."

"Mwanangu ameolewa, mafuta yake nimekandiwa na watu. Ulisimama hapo ukipiga vigelegele."

"Nilisimama hapo."

Nilingoja bibi Ijja aseme alikuwa mdogo, alikuwa mjinga, shetani alimpitia. Hakusema. Bibi Tuda akajifunga shali yake, akatoka. Jiwe lake likabaki pale mlangoni.

Jumatano hakuja. Bibi Ijja alikuja, akakaa chini ya dirisha, akapasua kokwa kutwa nzima, na walewale waliokuwa wakimgombania jioni sasa walimpa mgongo. Mmoja alimtupia, "Msimulizi, leo hatuna kisa?" Akajibu, "Leo sina." Dada Kelthuma alikuwa anazunguka chumba kama kuku anayetaka kutaga.

"Sasa nani atakanda? Bibi Ijja siwezi kumpa tena, watu watanicheka. Bibi Tuda amesusa. Nikande mimi? Mimi nikikanda mafuta yanarudi ndani!"

Alhamisi, kabla hatujamaliza chai, bibi Tuda akaingia na bakuli lake la udongo kichwani. Lilikuwa na vumbi pembeni, pale kitambaa hakikufika. Akalitua, akakunja mikono ya gauni.

"Nani anakaanga?"

Tukatazamana. Zamu ilikuwa yangu. Nikainuka.

"Kaa chini, mwanangu. Akaange Ijja."

"Bibi Tuda!" Dada Kelthuma alishika kichwa. "Harusi hii!"

"Nimesikia. Akaange mbele yangu."

Bibi Ijja akaketi mbele ya kikaango. Bibi Tuda akakaa kigoda cha pili, mikono juu ya magoti, macho hapohapo kwenye viini.

"Usidhani nimekusamehe," akasema.

"Sidhani."

"Geuza."

Akageuza. Wapita njia walipita na punda zao, mtu akaimba huko chini, watoto wakagombana. Bibi Ijja hakuinua hata kope. Alikaanga kidogo kidogo, konzi baada ya konzi, mpaka viini vyote vikawa rangi ya asali, na jasho lilikuwa linamtoka kidevuni.  Nilivisaga mimi, na uji wake mzito ukashuka kwenye bakuli la bibi Tuda.

Bibi Tuda akainama juu ya bakuli. Miaka thelathini na mbili ni mingi. Maji ya uvuguvugu hutiwa kwa matone; ukizidisha, mafuta hayatoki, ukipunguza, hayatoki vilevile, na hakuna kipimo isipokuwa viganja. Alitia, akakanda. Akatia tena. Uji ukawa mzito, ukawa kama udongo, na mafuta hakuna. Adhuhuri ikafika. Mtu mmoja nyuma yangu akanong'ona, "Nilisema mimi." Bibi Ijja akamgeukia kwa jicho ambalo zimwi lenyewe lingeomba radhi.

"Mkono umesahau," bibi Tuda akasema taratibu.

"Haujasahau," bibi Ijja akamjibu. Yalikuwa maneno yake ya kwanza tangu aanze kukaanga. "Ulikuwa unakanda kwa kwenda mbele. Leo unazungusha."

Bibi Tuda akasita. Akabadilisha, akasukuma mbele, mbele, mabega yote mawili. Punde kidogo uji ukaanza kung'aa, kisha mstari mwembamba wa kahawia ukakusanyika kando ya bakuli, ukawa kidimbwi. Hakuna aliyepiga vigelegele. Bado kuonja.

Dada Kelthuma akaleta mkate. Bibi Ijja akawahi kunyoosha mkono.

"Nionje mimi kwanza, Tuda. Yakiwa machungu tutasema nimeunguza."

"Leo ndiyo umejua kusema hivyo?" Bibi Tuda akamsukuma mkono. Akamega mkate, akachovya, akatia mdomoni.

Alitafuna. Akatafuna tena, macho kafumba. Nilimwona bibi Ijja ameshika ukingo wa kigoda chake kwa mikono miwili. Bibi Tuda akameza, akalamba kidole, akafikiri.

"Bibi, sema basi!" dada Kelthuma akalia. "Nitazaa hapahapa!"

Bibi Tuda akafumbua macho.

"Leteni chupa za harusi," akasema.