Mzinga Mkongwe wa Darajani

Mzinga wetu wa kupigia vifaru ulikuwa na umri mkubwa kuliko sisi sote, nao ulikokotwa na lori. Tuliamriwa kulilinda daraja mpaka wagonjwa wote wa hospitali ya mji wavuke.

Kila asubuhi askari wangu walifunga nyuzi mbili kwa umbo la msalaba kwenye mdomo wa mtutu, wakachungulia ndani yake kutoka nyuma, wakiusogeza hadi msalaba ule ukaangukia bomba la moshi la kiwanda kimoja cha mbali, kisha wakaielekeza darubini ya kulengea papo hapo, ili darubini na mtutu vitazame mahali pamoja. Sikuruhusu siku ipite bila kazi hiyo.

“Afande, unamsuka bibi nywele?” alitania mkuu wa kikosi cha makombora, jirani yetu.

“Namsuka. Asiyesukwa haoni mbele.”

Vifaru vilitokea wagonjwa wakiwa bado darajani. Adui alikuwa amevuruga mawimbi ya redio yanayoongoza makombora, na makombora yote ya jirani yangu yakapotea njia, yakatumbukia mtoni.

“Kaka, nimebaki mikono mitupu!” alipiga kelele.

Mzinga wetu haukuwa na mawimbi ya kuvurugwa. Nilingoja kifaru cha mbele kikate kona na kutuonyesha ubavu.

“Piga!”

Risasi iliingia pale pale darubini ilipolenga. Cha pili kilijaribu kupita pembeni, nacho tukakichoma. Vilivyosalia viligeuza, vikakimbia vikigongana.

Gari la mwisho la wagonjwa lilivuka likipiga honi mfululizo. Niliwasimamisha askari wangu wima, wakiwa weusi kwa moshi, tukalipigia saluti.