Maua Kata, Ua Wacha

"Kiswahili ni chetu sisi watu wa Pemba," alisema Ameir. "Dunia tumeiazima tu, na mpaka leo haijakirudisha salama. Hajazaliwa mtu wa bara wa kunambia neno nisilifahamu."

Aliyasema hayo sebuleni kwa Bi Time, huko Harrow, Uingereza, mkono mmoja kikombe cha chai, wa pili sambusa. Kichwani kavaa kofia ya viua aliyoshonewa na Jokha, binti wa nyumba hiyo, na kila kitundu cha kofia ile Ameir alikihesabu kuwa ni ndiyo ya posa. Bi Time alimsikiliza kama mtu anayenusa samaki kabla ya kununua.

"Kiswahili hakilipi kodi ya nyumba, mwanangu," alisema. "Ulifukuzwa kwenye kuosha magari kwa kubishana. Ukafukuzwa ghalani Stratford kwa kubishana. Sasa sikiliza. Septemba ikikukuta ungali shambani kwa yule mzee wa Kihindi, lete posa. Isipokukuta, usilete hata salamu."

"Mum, please," alisema Jokha.

"Please hiyo mpe yeye. Septemba!"

Shamba lenyewe liko nje kidogo ya Harrow, pale nyumba zinapochoka na malisho yanapoanza. Mwenye shamba ni Mzee Gurdial, Singasinga mzaliwa wa Kisumu, aliyekuja Uingereza na kilemba chake, hofu ya serikali, na Kiswahili cha sokoni ambacho hajakifua tangu siku ile. Analima kotmiri, maboga na alizeti. Upande wa barabara shamba limezungushiwa ua wa miti ya miiba, mrefu kuliko mtu aliyempanda mwenzake mabegani, na mbele ya ua huo ndipo palipo safu za alizeti.

Siku ya kwanza ya kazi, Mzee Gurdial alimpeleka Ameir mbele ya ua ule kama anayempeleka kumtambulisha kwa mkwe.

"Kijana, hii ua si yangu. Mimi nalipia tu. Mwenyewe ni ndege. Kutoka Machi kuanza mpaka Agosti kwisha, hapana kata. Ndege nataga, ndege nalea. Na kutoka katikati ya ua mpaka mita mbili, hapana lima, hapana tia dawa, hapana tia mbolea. Sheria!"

"Kumbe ua una eda!" alisema Ameir. "Kwetu mjane hukaa miezi minne na siku kumi, basi. Huu wa Kiingereza nusu mwaka mzima, na mwanamume haruhusiwi hata kusogea karibu."

"Cheka tu. Inspekta akikuja, yeye hapana cheka."

"Na ukikatwa kabla ya Septemba, hao ndege watakwenda kushitaki wapi?"

"Watashitaki mimi. Na mimi nitafukuza wewe."

Ameir alicheka sana, lakini neno Septemba lilimshika. Mwezi wa kukata ua na mwezi wa kukata shauri ni mmoja! Akaona hiyo ni bahati, akaufanyia ua ule adabu miezi yote. Mwishoni mwa Julai matawi yakaanza kukwaruza mabasi yapitayo. Mzee Gurdial akanung'unika kwamba ikibidi ataomba ruhusa, kwa kuwa palipo na hatari ya barabara sheria hulegea kidogo. Ameir akalisikia hilo na kuliweka.

Wiki iliyofuata mzee alikwenda harusini Birmingham. Asubuhi akatuma ujumbe wa sauti kwenye simu, na nyuma yake ngoma zinalia:

"Ameir! Leo hii maua yote ya roadside kata. Panga vizuri kwa trela, watu takuja chukua. Lakini ile ua wacha. Hapana gusa mpaka Septemba. Umesikia?"

Hapa msomaji avumilie somo dogo la sarufi, maana kazi ya mtu iliangamia kwa sarufi. Kuna ua wa kuzungushia shamba, na zikiwa nyingi ni nyua. Kuna ua la kunusa, na yakiwa mengi ni maua. Mpemba hachanganyi: ua ule ni ule, na ua lile ni lile. Lakini kinywani mwa Mzee Gurdial kila kitu ni "ile": ile mtu, ile gari, ile mbingu, ile ua.

Mwenye akili ya kawaida angepiga simu akauliza. Ameir hakuwa na akili ya kawaida. Alikuwa na Kiswahili.

"Maskini mzee," alijisemea, akichekea puani. "Anataka kusema nyua, hajui. Maua ya roadside! Hayo ya manjano ni alizeti, angeyataka angesema alizeti. Basi ruhusa ya barabara imetoka. Nyua zote kata. Na ile ua... hilo ni ua lile la waridi la marehemu mkewe, lililoko mlangoni. Ndilo lisiguswe. Hewallah! Mtu asiyejua ngeli asaidiwe."

Akalifunga waridi lile utepe mwekundu, hata paka asilipitie karibu. Kisha akawasha mashine ya kukatia, akaingia kwenye ua akiimba. Alikata mpaka miiba ikalala, akaupunguza ukawa wa kiunoni, umenyooka kama nywele za mtu atokaye kwa kinyozi. Ndege mweusi mwenye mdomo wa manjano alimzunguka akipiga kelele kama wakili. Kwenye kisiki kimoja akakuta tundu la ndege li wazi, na vifaranga vinne vimeachama kumwelekea yeye, kana kwamba ndiye baba. Hapo mkono ukasita kidogo. Akavifunika kwa matawi, akaendelea na kazi, ila wimbo ulikatika.

Mchana gari la Mzee Gurdial likaingia. Kando yake alikaa Bi Kalpana, mwenye duka la maua, aliyekuja kuchukua alizeti za harusi. Bi Kalpana alilitazama trela lililojaa miiba.

"Gurdialbhai, bibi harusi anaolewa au anazikwa?"

Mzee Gurdial alishuka garini. Aliutazama ua, akazitazama alizeti zikitikisa vichwa, akauona utepe kwenye waridi. Akashika kilemba kwa mikono miwili.

"Nani nakata hii?"

Hapo ndipo Ameir alipofahamu. Maua yalikuwa maua, na ua ulikuwa ua. Akaiona Septemba inaondoka, imembeba Jokha. Ulimi, ambao haujapata kumtupa mkono, ukaruka mbele.

"Lori, mzee! Lori kubwa, limekata kona vibaya, likaupitia ua mwanzo mpaka mwisho. Mimi nimekuta matawi tu, nikayapanga kwenye trela ili njia ipitike."

"Lori nakata straight hivi? Kama kinyozi?"

"Ulaya hii, mzee. Hata ajali zina nidhamu."

"Na lori nafunga ribbon kwa rose?"

Mara basi likasimama nje. Akashuka Bi Time, katoka kazini kwake kwenye nyumba ya kulea wazee, buibui limekaza na mkoba kwapani. Ameir akaona faraja imeshuka kwa miguu. Mkwe hawezi kumwangusha mkwewe.

"Muulizeni Bi Time, mama yangu huyu, anapita hapa kila siku! Bi Time, si umeliona lori?"

Bi Time aliamkia wazee kwanza, mmoja mmoja. Kisha akamgeukia Ameir.

"Miaka yote napita hapa, mwanangu, sijapata kuona kitu ila majani," alisema. "Leo asubuhi kwa mara ya kwanza nimeliona shamba zima, mpaka mlango wa mzee. Na lori nimeliona. Lilikuwa linaimba."

Akainua kidole mpaka juu ya paji la uso la Ameir.

"Ila niambie, wewe mwenye Kiswahili chako. Tangu lini lori likavaa kofia ya viua aliyoishona mwanangu?"