Mji wa Lao Cai Mezani kwa Mlinzi

Mimi nilikuwa mtu wa kuandika kwanza na kuuliza baadaye. Ndivyo tulivyofundishwa Nairobi kabla ya kuletwa Doha: ukikuta kitu kwenye mfuko wa mtu, kimbilia kitabu cha matukio, kile tunachokiita OB, uandike saa, jina na kosa. Kurasa zake zina namba, hazichanwi. Mwaka 2008 nilikuwa nalinda geti la saiti moja ya ujenzi huko Abu Hamour, na nilijiona mlinzi hodari kuliko wote.

Jioni moja, mafundi wakitoka kwenda kwenye basi, nilipekua mfuko wa Tho. Huyu alikuwa fundi mbao kutoka Vietnam, wa miaka arobaini hivi, mpole hata salamu aliitoa kwa kichwa. Ndani mlikuwa na vipande arobaini na kimoja vya mbao, vidogo kama viberiti, vimepigwa msasa vikalainika. Mbao za saiti hazitoki bila kibali. Nikaandika bila hata kumtazama usoni: "Saa kumi na moja jioni. Tho. Wizi." Kisha nikampigia simu msimamizi wetu, Silvesta, Mganda. Neno hilo likifika ofisini, mtu hupandishwa ndege wiki hiyohiyo.

"Hivi ni vya nini?" nikamuuliza tukimsubiri Silvesta. Kiingereza chetu sote kilikuwa cha kuokoteza, lakini kilitosha.

"Ni kwetu," akasema.

Akaniomba meza. Nikaondoa chupa yangu ya chai shingo upande. Akachora mito miwili kwa chaki: mmoja mpana, mwekundu kwa udongo, unatoka China, mwingine mwembamba, unaungana nao kutoka ubavuni. Ng'ambo ya ule mwembamba ni China. Inapokutana ndipo ulipo mji wake, Lao Cai. Akaanza kupanga vipande: stesheni ya reli waliyoijenga Wafaransa miaka mia hivi iliyopita, daraja, soko, maduka. Mikono yake haikusita hata mara moja. Mimi nimezaliwa Busia, nimekulia mpakani kati ya malori, na sikuwahi kumsikia mtu akiusema mji wa mpakani kwa heshima namna ile.

"Huu ni wa zamani," akasema. "Mwaka sabini na tisa vita na China vilikuja. Nilikuwa na miaka kumi na moja. Tulikimbia kwa miguu. Nyuma yetu mji ukabomolewa."

Mpaka ukafungwa zaidi ya miaka kumi. Waliporudi walikuta magugu, wakajenga upya, na kazi ya kufunga mbao za kumwagia zege alijifunzia kwenye majengo hayo mapya. Njia ya kwenda China ilipofunguliwa tena mwaka tisini na tatu, alisimama akitazama watu wakivuka, akalia. Lakini ule mji wa kwanza umebaki kichwani mwa mama yake tu, na mama anazeeka. Kila Ijumaa Tho anampigia simu, naye mama anamwelekeza: sogeza hiki, pale palikuwa kwa fundi viatu. Mkataba wake ulibakiza miezi miwili. Vipande alivikata kwenye masalio yanayotupwa, na alitaka kumpelekea mama mji wake aushike kwa mikono.

Mtu ameubeba mji mzima miaka yote hiyo, nami nimempa jina la mwizi kwa dakika moja.

Silvesta akaingia, akasoma kitabu. "Benard, umeandika wizi. Nikipeleke ofisini?"

"Afande, nimekosea. Niliandika kabla sijamuuliza."

"Unajua mlinzi aliyeandika uongo hufanywa nini?"

"Najua. Nitaondolewa hapa. Sawa tu."

Nikamweleza Silvesta mji ule wa mezani ni wa nani, akauinamia. Akamuuliza Tho nyumba yao ni ipi. Tho akaonyesha nafasi tupu kando ya mto. "Bado tunabishana na mama. Mlango ulitazama wapi."

Silvesta akacheka kidogo. "Andika chini yake, nitaweka sahihi," akaniambia. "Lakini mbao hazitoki. Hapo siwezi."

Nikaandika: "Si wizi. Kosa ni la mlinzi." Tho akabaki na kazi yake, mimi nikahamishiwa geti jingine, Al Mansoura, wiki iliyofuata, na nilistahili.

Jioni ile Tho alikusanya vipande vyote, akavimwaga kwenye pipa la masalio ya mbao. Akarudi, akanifungulia mfuko mtupu niupekue, kama sheria inavyotaka. Nilishindwa kuutazama.

"Nisamehe, kaka."

Akanishika bega. "Miezi minane mama ananisimulia, sasa tumekaribia mwisho, alikuwa karibu kukosa la kuniambia," akasema. "Ijumaa nitamwambia tuanze upya, anisimulie tena tangu mwanzo."